Maji Yakipita Kando ya Bomba, Usizibe: Chimba

Msomaji ameniuliza kama anaweza kuziba kwa saruji, upande wa nje wa tuta la bwawa lake, mahali maji yanapochuruzika kando ya bomba la kutolea maji ya ziada. Fundi amemwambia ni kazi ya asubuhi moja. Jibu langu ni hapana. Saruji ya nje haiondoi msukumo wa maji uliomo ndani ya tuta. Yatatafuta pengine pa kutokea, na safari hiyo huenda usipaone.

Kinga maji hayo kwenye chupa angavu uyaache yatulie. Yakiacha udongo chini ya chupa, ujue tuta linaliwa kutoka ndani. Anza kupunguza maji siku hiyohiyo na uwaarifu walio bondeni. Tuta likiwa refu kwenda juu, au kukiwa na nyumba chini yake, mwite mhandisi kabla ya kushika jembe.

Kama hakuna dharura, shusha maji taratibu, isizidi sentimita 30 kwa siku. Ukiyashusha haraka, mteremko wa ndani hubaki umelowa bila maji ya kuuegemeza, nao huporomoka. Tuta likionyesha dalili za kubomoka, sahau kipimo hicho: toa maji upesi.

Chimba mpaka bomba lote lionekane, kuta za mfereji zikilala angalau mita 1 kwa kila mita 1 ya kina. Kuta za wima hufukia watu, tena udongo wa kujazia ukishuka huacha ufa kandokando yake. Kisha usilaze bomba juu ya kokoto! Mafundi wengi hufanya hivyo kwa mazoea ya mabomba ya mtaani, kumbe kwenye tuta wanayachongea maji njia. Laza juu ya udongo mgumu wa tuta lenyewe.

Kazi hii huharibikia chini ya tumbo la bomba, pale mashine ya kushindilia isipofika. Sukumia udongo wa mfinyanzi huko kwa mti, pande zote mbili kwa zamu, mpaka mti ugome kuzama. Karibu na bomba shindilia kwa mkono, tabaka za sentimita 10; mbali nalo, sentimita 15. Udongo ukifinyangwa ushikane bila kung'ang'ania kiganja. Ukimeguka mkavu, nyunyizia maji, ukinata, uanike.

Kwenye theluthi ya mwisho ya bomba, kuelekea upande wa nje, lizungushie ukuta wa mchanga safi, ule wa kutengenezea zege, wenye unene wa sentimita 60 hadi 90, ukitokeza kila upande mara 3 ya kipenyo cha bomba. Upe njia ya kutolea maji chini ya tuta. Mchanga huo hupitisha maji na kuzuia udongo. Kola za zege, yaani kuta nyembamba za kulizunguka bomba ili kuzuia maji, zilizopendwa zamani, sizipendekezi, kwa sababu kuzishindilia pembeni ni taabu.

Kama mdomo wa bomba, ule wa bwawani unaoingiza maji, ni mnara wa wima, upimie uzito. Mnara mtupu wenye kipenyo cha sentimita 60 na mita 2 ndani ya maji husukumwa juu kwa takriban kilo 565. Zege likiwa majini hubaki na kama kilo 1,400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo msingi wa mita za ujazo 0.6 unatosha na ziada kidogo. Weka na wavu wa takataka, mpana kuliko mdomo wenyewe.

Utoro wa mafuriko, yaani njia ya kupitishia maji bwawa likifurika, uwe kando, kwenye ardhi isiyojazwa, sentimita 30 au zaidi juu ya mdomo wa bomba. Kilele cha tuta kiongezwe asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya kushuka kwa udongo.

Jaza bwawa polepole, ukikagua upande wa nje kila siku. Maji machache na safi kutoka kwenye mchanga ni ya kawaida. Yakiongezeka ilhali kina cha bwawa hakijapanda, simamisha kujaza.