Maswali ya Wasomaji: Blanketi la Viraka, Bustani ya Vuli na Kazi za Nyumbani

SWALI: Shikamoo, mwandishi wa safu. Mimi ni mama wa watoto wanne na ninaishi Buswelu, wilayani Ilemela. Ninashona mablanketi ya viraka kwa vipande vya vitenge ninavyopata kwa mafundi cherehani wa mjini, na fedha yake hunisaidia kununua sare na madaftari ya watoto. Kila mwaka mvua za vuli zinapoanza ninakwama: blanketi limetandazwa sebuleni halijakwisha, bustani inataka kupandwa, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, analalamika kwamba hakuna pa kukaa. Nimejaribu kuigawa siku kwa saa, asubuhi bustani, mchana cherehani na jioni jiko, lakini ratiba hiyo haidumu. Nifanyeje nisiache hata kimoja?
Msomaji, Buswelu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Ratiba ya saa huvunjika katika nyumba yenye watoto kwa sababu mtoto akiugua, maji yakikatika au mvua ikinyesha asubuhi ile uliyopanga kulima, saa hiyo imekwisha kupotea na zote zinazoifuata zinasukumwa mbele. Ninakushauri uache kuzihesabu saa, na badala yake uipime kila kazi kwa swali hili: nikikatizwa sasa hivi, kitaharibika nini? Mche uliong'olewa kitaluni ukiachwa juani hunyauka siku hiyo hiyo, na maharage yaliyo jikoni huungua, lakini kiraka kilichokwisha kukatwa, kikiwekwa pakavu, kinaweza kukusubiri mwezi mzima bila kupungukiwa na chochote. Kwa hiyo katika majuma ya kupanda, bustani na jiko vitangulie, na ushonaji upewe zile hatua zake zinazovumilia kukatizwa.

Ushonaji huu una hatua za aina mbili, na nadhani hapo ndipo unapokwama. Kukata vipande na kuviunganisha viwe miraba ni kazi ya mapajani, unayoweza kuiweka chini mtoto akiita na kuiokota tena baadaye. Lakini kulaza matabaka matatu, yaani uso wa viraka, pamba ya katikati na bitana ya chini, kisha kuyanyoosha, kuyapiga bandi, yaani kuyashikiza kwa mishono mirefu ya muda, na kuyashona pamoja, ni kazi inayohitaji sakafu nzima na siku zisizo na bughudha, kwa kuwa matabaka yakisogezwa kabla ya bandi kukamilika blanketi hukunjamana na inabidi ufumue. Wewe unaianza kazi hii ya pili mvua zikiwa zimefika mlangoni, na ndiyo sebule inajaa.

Maelekezo mengi ya ushonaji huu yanatoka Marekani na Uingereza, ambako watu hushona sana wakati wa baridi, bustani ikiwa imelala, na hurudi shambani majira ya kuchipua yanapofika. Huku kwetu Kanda ya Ziwa, kwa kawaida mvua za vuli huanza Oktoba hadi Desemba, hupungua Januari na Februari, kisha huja masika ya Machi hadi Mei, na kiangazi huwa Juni hadi Septemba. Kiangazi ndicho kipindi chetu cha kulaza matabaka, kupiga bandi na kufua, kwa sababu palizi imepungua, jua lipo na kitu kizito hukauka kwa siku moja. Septemba, kabla ya matone ya kwanza, fua vitenge vyote vipya, kila rangi peke yake mpaka maji yatoke safi, kwa maana pamba hurudi ikifuliwa na rangi kali huchuja. Kisha vipige pasi na uvikate vyote kwa mkupuo mmoja.

Tuchukue mfano wa blanketi la futi 7 kwa 8, linalotosha kitanda cha futi 5 kwa 6 na kuning'inia pembeni. Likishonwa kwa miraba ya futi moja, utahitaji miraba 56. Kila mraba ukiwa na vipande vinne, kata kila kipande inchi 6 na nusu kwa inchi 6 na nusu, ili robo inchi ya mshono ikiliwa kila upande zibaki inchi 6. Hivyo ni vipande 224. Vifunge vinne vinne kwa uzi, uviweke kwenye kikapu, na kila jioni watoto wanapofanya kazi za shule ushone mraba mmoja tu. Ukianza mwanzoni mwa Oktoba, miraba yote itakamilika kabla ya mwisho wa Novemba, hata mvua ikunyeshee vipi bustanini, na sebule ya mama mkwe itakuwa wazi muda wote huo. Siku utakazoruka, hutazilipa kwa kukesha.

Kuhusu bustani, usipande kila kitu kwa sababu tu mvua imenyesha. Nyanya katika mvua nyingi hushambuliwa na magonjwa ya majani, na kuzihudumia kutakula muda wako wote. Zisubirishe hadi kiangazi ikiwa una maji ya kumwagilia. Vuli panda mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, mgagani, kunde za majani, maboga, na marando ya viazi vitamu yatakayokupa matembele kwa miezi. Ikiwa kiwanja chako ni cha mawe, kama vilivyo viwanja vingi vya vilima vya Mwanza, jaza magunia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, uyapange karibu na mlango wa jiko, ili uchume mboga bila kuuacha moto mbali.

Malalamiko ya mama mkwe yasikilize kwa heshima, kwani sebule ni yake pia. Mweleze mpango huu kabla hujauanza, umwonyeshe kikapu, na umwombe ushauri wa mbegu, maana inaelekea amelima misimu mingi kuliko wewe. Kwa wateja, usipokee malipo ya awali ya blanketi jipya kati ya Oktoba na Desemba, hata kama ni la harusi ya jirani unayempenda. Mteja anayelitaka Desemba aagize Juni.

SWALI: Wakati wa masika vitambaa vyangu vinatoa uvundo na kupata madoa meusi, ingawa ninavifungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Jioni nikishona, vidudu vya ziwani vinajaa kwenye kitambaa cheupe. Nisaidie.
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Mfuniko ndio unaouzuia ndani unyevunyevu uliobaki kwenye vitambaa. Kitambaa kinachoonekana kikavu baada ya pasi bado kina mvuke, kwa hiyo kiache kipoe na kupigwa na hewa kabla ya kukiweka, kisha tumia mfuko wa kitambaa cha pamba au kikapu kilichoinuliwa juu ya sakafu na mbali na ukuta, na kila siku ya jua ukitoe nje. Madoa ya ukungu yakishaingia katika pamba ni magumu kutoka, hivyo usichanganye kipande chenye madoa na vilivyo safi.

Vidudu vile hufuata taa. Funga dirisha lililo upande wa ziwa, weka taa moja tu chini karibu na mkono wako, na ushone vitambaa vyeupe mchana. Usiku ushone vya rangi nzito. Vikitua, usivisugue, kwa sababu hupasuka na kuacha doa. Kung'uta kitambaa nje.

SWALI: Mke wangu anashona na kulima, nami nikirudi kazini ninamkuta amechoka sana. Ningependa kumsaidia lakini ninaogopa kumharibia vitambaa.
Baba wa watoto wawili, Igoma

JIBU: Ndugu yangu, si lazima uguse kitambaa. Beba maji ya bustani jioni jua likishapoa, geuza samadi, palilia siku zako za mapumziko, na upike mara kadhaa kwa wiki bila kusubiri kuombwa. Wanao, wa kike na wa kiume, wafundishe kuosha vyombo na kutenganisha vipande kwa rangi, kazi ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Ukitaka kusogea karibu na cherehani, omba ufundishwe kupiga pasi mishono: pasi inabonyezwa na kuinuliwa, haiburutwi, kwani ikiburutwa mraba huvutika na kupinda. Anza na ndoo za maji, kisha muulize mwenyewe ni kazi gani inayomchosha kuliko zote, uichukue hiyo.