Jino hili litang'oka lini? Kwa mnaoanza utafiti wa meno ya utotoni

Andiko langu la kwanza la utafiti lilirudi likiwa na swali moja tu la kalamu nyekundu pembeni: "Jino hili litang'oka lini?" Nilikuwa nimepanga kulinganisha aina mbili za vijazo kwenye magego ya utotoni ya watoto wa darasa la tatu na la nne, kisha niwafuatilie kwa miaka 3. Nikadhani msimamizi wangu ananitania. Nilipoketi na jedwali la umri ndipo jasho liliponitoka. Gego la kwanza la utotoni hung'oka kati ya miaka 9 na 11, la pili kati ya 10 na 12, na wasichana huwatangulia wavulana kidogo. Mwaka wa tatu wa utafiti wangu ungenikuta ninamulika tochi kwenye mapengo.

Ninawaandikia nyinyi mnaoanza ubingwa wa meno ya watoto, pamoja na nyinyi matabibu wa meno mnaochukuliwa kama wapimaji kwenye tafiti za wengine. Mengi ya hapa sikuyasoma darasani.

Kwa mtu mzima, ukiziba jino unataka kijazo kidumu, maana jino halina safari. Jino la utotoni liko safarini tangu lilipoota. Kwa hiyo kabla ya kuandika lengo la utafiti wako, jiulize unachotaka kimtokee mtoto mpaka siku hiyo ya kung'oka. Mimi leo naandika hivi: jino lifike siku yake bila kumuuma mwenye jino na bila kutoa usaha. Kijazo kilichomeguka pembeni kwa mtoto wa miaka 11 ambaye jino lake linacheza tayari si tatizo. Kijazo kilekile kikimeguka kwa mtoto wa miaka 4, jino bado lina miaka 5 au zaidi ya kutafuna ugali. Ukiyaita yote mawili "kushindwa", takwimu zako zitakuwa safi na hazitakuwa na maana.

Kosa langu lililofuata lilikuwa kwenye fomu. Niliweka kisanduku kimoja cha "jino halipo". Jino lililong'oka lenyewe na jino lililong'olewa na daktari kwa sababu ya jipu yote hayapo mdomoni, lakini la kwanza ndilo ushindi wako na la pili ndilo anguko lako. Nilikaa wiki nzima nikipigia wazazi simu: "Samahani mama, lile gego la chini kushoto lilitoka lenyewe au lilitolewa?" Nani anakumbuka? Wekeni visanduku viwili, na nafasi ya tarehe, kuanzia siku ya kwanza. Halafu mwoneni mtakwimu mapema mkubaliane jinsi ya kuyahesabu yaliyong'oka kwa umri. Ukimpelekea mafaili baada ya miaka 2 atakuuliza maswali ambayo majibu yake yalikwisha kutupwa.

Kama unataka kuona lengo lililopangwa vizuri, usome utafiti wa Uingereza unaoitwa FiCTION, uliochapishwa mwaka 2020. Waliingiza watoto 1,144 wa miaka 3 hadi 7 kwenye kliniki 72 za kawaida za England, Scotland na Wales. Kila mtoto alikuwa na angalau gego moja la utotoni lililooza hadi tabaka la ndani, ila bado halijauma wala kutunga usaha. Wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. La kwanza lilitibiwa kwa njia iliyozoeleka: ganzi, kuchimba uozo, kuziba, pamoja na kinga. La pili uozo ulifungiwa ndani ya jino usipate chakula, mara nyingi kwa kofia ya chuma inayovikwa jino zima, pamoja na kinga. La tatu lilipata kinga peke yake: ushauri wa mswaki na sukari, floridi ya kupaka, na kuziba mifereji ya magego ya ukubwani. Hawakuuliza kijazo kipi kimedumu. Waliuliza ni watoto wangapi walipata maumivu au usaha katika muda wa hadi miaka 3.

Matokeo ni 42% kundi la kwanza, 40% la pili, 45% la tatu. Tofauti hizo ni ndogo mno kusema njia moja imeshinda.

Hapa ndipo wageni huteleza, na nimewasikia hata kwenye makongamano. Mmoja husimama akasema, "Basi tusizibe tena meno ya watoto." Taratibu, ndugu yangu. Kukosa kuona tofauti kati ya njia tatu hakumaanishi kwamba meno hayahitaji huduma. Kila kundi lilionwa na daktari wake na kila kundi lilipata kinga. Mimi takwimu inayoninyima usingizi ni ile ya jumla. Zaidi ya watoto 4 katika kila 10 waliugua jino au walitunga usaha, katika nchi yenye kiti cha meno karibu na nyumbani na matibabu ya mtoto yasiyolipiwa. Uozo ukishafika ndani tumechelewa, kifaa chochote tulichoshika.

Hiyo kofia ya chuma ina hadithi ninayopenda kuwasimulia wanafunzi wavivu wa kuandika mafaili. Norna Hall alikuwa daktari wa meno wa kawaida huko Scotland, si profesa. Alikuwa akizigandisha kofia kwa simenti juu ya magego yaliyooza bila ganzi, bila kuchimba, bila kulichonga jino. Vitabu vilisema haifai. Lakini alikuwa ameandika kumbukumbu za wagonjwa wake miaka na miaka, na watafiti walipozipitia wakakuta meno yamekaa vizuri. Uchambuzi wa kumbukumbu hizo ulitoka mwaka 2006. Jaribio la kugawa kwa kura lilifanyika Tayside, hukohuko Scotland, likiwa na watoto 132 na madaktari 17 wa kliniki za kawaida, na mwaka 2011 yakatoka majibu ya miaka 5: matatizo makubwa, kama usaha au kiini cha jino kuugua, yalikuwa 3% kwa kofia na 16.5% kwa kuziba kwa kawaida. Yote yalianzia kwenye kabati la mafaili.

Angalieni pia jinsi jaribio lile lilivyopangwa: kila mtoto aliingia na meno mawili, moja upande huu na moja upande ule, moja likapata kofia na jingine kijazo. Mtoto anajilinganisha mwenyewe. Uji ni uleule, soda ileile, mswaki uleule. Ni mpango mzuri ila una mitego. Mama akikuambia "jana usiku alilia jino", hajui ni upande gani. Na ukiwa na meno manne yaliyooza kinywani mwa mtoto mmoja, usiyahesabu kama watoto wanne. Meno ya kinywa kimoja huoza pamoja, hupona pamoja. Nimesoma tasnifu ya mwenzetu iliyojisifu kwa sampuli kubwa. Nilipohesabu watoto badala ya meno, ilikuwa chumba kimoja cha darasa.

Ukitumia kofia, waambie wazazi mapema kwamba mtoto atasema meno hayakutani. Kofia haijachongewa nafasi, kwa hiyo hukaa juu kidogo, na baada ya wiki chache mng'ato hujipanga wenyewe. Usiposema, simu zitaanza jioni ileile. Na vile vipira vya kutenganisha meno, vinavyowekwa siku chache kabla, watoto huvitoa kwa ulimi na kuvionyesha kwa wenzao kama pete. Panga siku za ziada.

Kuhusu kuziba kwa vifaa vya mkono bila mashine, tuna haki ya kujivuna kidogo. Njia ile inayoitwa ART ilianza kujaribiwa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, chini ya shule ya meno ya Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken. Hakukuwa na umeme wa kuendeshea mashine vijijini, basi wakakwangua uozo kwa vijiko vya mkono na kujaza. Lakini fahari isikupofushe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2012 ulionyesha kwamba kwenye meno ya utotoni vijazo vya ART vya upande mmoja wa jino vilidumu kwa 93% katika miaka 2 ya mwanzo, na vya zaidi ya upande mmoja kwa 62% tu. Shimo lililo katikati ya magego mawili yanayogusana ndilo gumu: mate yanaingia, ufizi unavuja damu, mtoto amechoka kupanua mdomo. Sasa fikiria umechanganya mashimo ya aina zote mbili kwenye utafiti mmoja bila kuyatenga. Atakayepata mashimo mepesi zaidi ndiye "atakayeshinda".

Dawa ya madini ya fedha na floridi, ile ya 38%, iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na wengi wenu mtataka kuifanyia utafiti kwa sababu ni tone moja la kupaka. Inazuia uozo usiendelee, na papo hapo inaugeuza uozo kuwa mweusi tii. Msiifiche habari hiyo kwenye ukurasa wa nne wa fomu ya ridhaa. Onyesheni picha. Mama mmoja alinijia shuleni amemshika mwanawe mkono: "Daktari, mwanangu mmemtia lami?" Karatasi alikuwa ameitia sahihi, hakuna aliyemwonyesha picha. Alikuwa na haki ya kukasirika. Doa la ngozini huisha lenyewe baada ya siku kadhaa, ila la kwenye shati jeupe la shule halitoki kwa sabuni yoyote. Nunueni aproni.

Weusi huo, kama ulivyo mng'aro wa kofia, una jambo jingine: mpimaji hawezi kufichwa nani kapata nini. Usijidai kwenye ripoti kwamba ulimficha. Unachoweza kulinda ni kura yenyewe. Katika utafiti mmoja niliowahi kushiriki, bahasha za kura zilikuwa nyembamba, na msaidizi wetu, kwa huruma tu, alikuwa anaziinua kwenye mwanga. Akiona mtoto mwoga na bahasha inasema sindano ya ganzi, anaivuta ya chini yake. Tulikuja kushtuka watoto wote watulivu wako kundi moja. Bahasha ziwe nzito, zenye namba, zifunguliwe mtoto akishakuwa kwenye orodha. Au mtu aliye mbali apigiwe simu ndipo atamke kundi.

Kwenye kuhesabu meno yaliyooza, jihadharini na mapengo. Mtoto wa miaka 7 asiye na meno ya mbele hana ugonjwa, ana umri. Na ukikuta mtoto wa miaka 3 hana machonge, usiandike haraka kwamba yameng'olewa kwa kuoza. Muulize bibi yake kwa adabu, "Shikamoo bibi, mjukuu aliwahi kutolewa meno ya plastiki?" Wapo wanaoamini homa na kuhara kwa mchanga kunatokana na uvimbe wa machonge yanayotaka kuota, na hupelekwa kuchokolewa ufizi. Ukiingiza mapengo hayo kwenye hesabu ya uozo, umevipandishia vijiji ugonjwa visio nao.

Ridhaa nitaipitia kwa kifupi, kwa kuwa kamati ya maadili itawabana vya kutosha. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na barua ya halmashauri havimsemei mzazi, na mwalimu mkuu si mzazi wa watoto wote hata akisema hivyo. Mtoto akifumba mdomo na kutikisa kichwa, amejibu. Sajilini jaribio kwenye rejista ya Afrika ya majaribio ya tiba, PACTR, kabla ya mtoto wa kwanza.

Kinachoua tafiti hizi ni ufuatiliaji. Desemba watoto huenda kwa bibi, Januari wengine hawarudi. Mzazi kahamishwa, shule imebadilishwa, namba ya simu imekufa. Chukueni namba tatu, moja ya jirani. Ulizeni wanakokwenda likizo. Ramadhani msipange ziara za asubuhi Pwani. Hata watoto wa miaka 8 hujikaza kufunga, na hawatakubali uwatie kitu mdomoni. Na mtoto haelezi maumivu kama mtu mzima. Muulize anayelala naye: je, anatafuna upande mmoja, anakataa mswaki, anaamka usiku? Wekeni pia kwenye bajeti matibabu ya meno yatakayokuwa bado mabovu utafiti ukifungwa, kwa makundi yote.

Mwaka jana, tukiwa tumeshafunga kitabu cha utafiti mmoja wa kofia za chuma, binti wa miaka 11 alikuja na mama yake wakiwa na kitu kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Ni gego, kofia bado imelishika. Mdogo wake alitaka kulirusha juu ya bati kama wanavyofanya, mama akamzuia: "Daktari alisema anataka tarehe." Nilifungua fomu yake, nikatafuta kile kisanduku cha "limeng'oka lenyewe", nikaandika tarehe.