Adui bila steringi

Jumamosi nilikaa benchi la nyuma kwenye kibanda kimoja cha video hapa Bwera, Uganda, mpakani na Congo, mikrofoni ikiwa mikononi mwa vijana wawili niliowafundisha mwenyewe kazi ya uveejay, yaani kutafsiri filamu papo hapo watu wakitazama. Waliweka filamu ya Kraven the Hunter. Nusu saa haijaisha, mabenchi ya mbele yakaanza kupwaya, nao wakazidi kupaza sauti kana kwamba kelele ndiyo tafsiri. Niliondoka bila kuaga. Wadogo zangu, haya ningewaambia palepale penye jenereta, ila nilikuwa na hasira.

1. Jaribuni spika kabla watu hawajaingia. Basi.

2. Ukipewa filamu ya adui, yaani ile ambayo adui wa steringi ndiye mhusika mkuu, uliza kwanza: anamwinda nani? Kraven alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1964, na sifa yake ni moja, kumwinda Spider-Man. Kwenye filamu ya 2024 Spider-Man hayumo. Kraven anawinda majangili, anatetea wanyama, ana kinyongo na baba yake. Wamemfanya steringi, ila hakuna aliyemwomba. Na watu wetu wanaoishi jirani na mbuga ya Queen Elizabeth mkawaonyesha kijana anararuliwa na simba kule Ghana, damu ya simba inadondokea kwenye kidonda, anaamka na nguvu! Jamaa mmoja akauliza kama maaskari wa mbuga wanaijua dawa hiyo. Kibanda kizima kilicheka, nanyi mkaendelea kutafsiri kama mnasoma risala. Kicheko kikija, kidakeni.

Duniani kote filamu hiyo iliingiza dola milioni 62 hivi. Venom ya 2018 ilipita milioni 850, kwa sababu Venom ni kiumbe anayeishi ndani ya mtu, kwa hiyo ana wa kugombana naye ndani ya mwili uleule, na veejay unapata sauti mbili za kuchezea. Joker ya 2019 msiitaje hapa. Huyo ni adui wa Batman, si adui mdogo, hata mtoto anamtambua kwa uso.

3. Msimwahidi mtu ambaye hayumo. Hapa nina kovu.

Ilikuwa 2022, filamu ya Morbius, adui mwingine wa Spider-Man. Nilikuwa nimeona trela tu, kwenye simu: picha ya Spider-Man ukutani, imeandikwa juu yake kwamba ni muuaji. Filamu yenyewe sikuifungua. Nikachukua chaki, nikaandika kwa herufi kubwa ubaoni: LEO MORBIUS NA SPIDER-MAN. Watu wakajaa hadi wengine wakakalia kreti za soda.

Inaanza: daktari mgonjwa wa damu, popo, anakunywa damu, anajichukia. Dakika ya ishirini mtu akauliza, "Veejay, Buibui yuko wapi?" Nikajibu, "Yuko njiani." Dakika ya arobaini, yuko njiani. Kisha nikaanza kutunga. Simu ikilia, nasema ni Buibui anapiga. Kivuli kikipita, ndiye huyo. Adui wa Morbius ni rafiki yake wa utotoni, mwenye ugonjwa uleule, nguvu zilezile na meno yaleyale, kwa hiyo wakipigana hujui umshangilie nani. Hapo nikawaambia wanagombania nani amkaribishe Buibui. Ile picha ya ukutani haikuonekana hata mara moja. Filamu za Spider-Man wa sasa kampuni za Sony na Marvel huzitengeneza kwa kushirikiana, na Sony wakitengeneza hizi za maadui peke yao, yeye hubaki nje. Sikulijua hilo.

Filamu ikaisha, majina yanapanda, akatokea Vulture, adui mwingine wa Spider-Man, na mabawa yake. Nikapiga kelele kama nimeokolewa: "Mnaona! Mnaona!" Mama mmoja muuza samaki kutoka Kasindi akasimama mbele ya skrini. "Mwanangu, nimevuka mpaka kwa ajili ya Buibui. Huyu ni kuku."

Nilirudisha hela kwa kila aliyedai, na wote walidai. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hadithi ya kweli ilikuwepo: mwaka 1971, Morbius alipomkuta Spider-Man kwa mara ya kwanza, Spider-Man alikuwa ameota mikono sita. Ningeisimulia hiyo mwanzoni, nikasema wazi leo hatutamwona, nadhani wangenivumilia. Badala yake, hadi leo nikipita soko la Mpondwe lazima kitoto kimoja kiite, "Veejay Yuko-Njiani!"

4. Filamu itazameni hadi mwisho usiku wa kuamkia siku ya kuonyesha. Na flashi yangu mliyoazima ina Venom zote tatu. Naitaka kesho kabla ya saa nne.