Ndege yule hakuwa wa kwao

Wiki hii mmeuliza: je, muziki usio na maneno unaweza kumfanya mtu ajione yuko kwao? Kwangu ni ndiyo, ila si kwa namna wanayoitangaza waandaaji wa tamasha.

Hivi karibuni nilienda kusikiliza muziki wa kundi dogo, ule wa wapigaji wanne au watano wasio na kondakta, wanaotazamana usoni ili wajue waanze lini. Mada ilikuwa maumbile, mandhari na kwetu. Karatasi tuliyopewa mlangoni ilitutaka tufumbe macho tuone mito na misitu. Nikafumba. Katika kwinteti (muziki wa wapigaji watano) ya mtunzi Schubert ya 1819, ile ya samaki, piano ilitiririka kama maji kweli, nami nikapitiwa na usingizi mtamu.

Aliyeniamsha ni mtunzi Dvořák, kwa kwateti yake ya 12, yaani muziki wa wapigaji wanne. Huitwa ya Kimarekani, lakini mwenyewe alikuwa Mcheki, mkuu wa chuo cha muziki New York tangu 1892. Kiangazi cha 1893 alienda na familia yake Spillville, kijiji cha Iowa chenye wahamiaji wengi Wacheki. Juni 8 akaanza kuandika. Juni 10 rasimu nzima ilikuwa tayari, na Juni 23 kazi ikaisha. Kasi hiyo, kwa maoni yangu, haitokani na kuona mashamba mazuri. Ni ya mtu aliyesikia tena watu wakisalimiana njiani kwa lugha ya mama yake.

Sikilizeni tu mwanzo wake. Vayolini zinatetema chinichini, chelo, ile kubwa yenye sauti nzito, imeshikilia noti moja, kisha wimbo wenyewe unaingia kwa viola, ndugu wa vayolini mwenye sauti nzito kidogo. Viola! Kwa desturi yeye hujaza katikati tu, na vayolini ya kwanza ndiyo hutangulia kusema. Lakini viola ndiyo aliyoipiga Dvořák ujanani katika okestra, kwa hiyo hapo ni kama mwenye nyumba kaja kufungua mlango mwenyewe. Wabishi hawajaacha kuvutana kama wimbo ule ni wa Marekani au wa Bohemia, kwao Wacheki. Umejengwa kwa noti tano, na noti tano zinaimbwa karibu kila pembe ya dunia, basi waacheni wavutane.

Kilichonigusa zaidi kimo sehemu ya tatu. Vayolini ya kwanza inapanda juu kabisa na kuanza kulia kama ndege, ndege ambaye Dvořák alimsikia kulekule Spillville, mgeni masikioni mwake. Inasemekana ndege huyo alimkera. Hata hivyo akampa nafasi, tena ya juu kuliko wote.

Dirishani kwangu kuna ndege anayepiga kelele kila alfajiri. Nimeishi hapa miaka sita na jina lake silijui. Kazi yangu imekuwa kumfungia dirisha. Asubuhi iliyofuata nililiacha wazi mpaka alipomaliza.