Usiiuze kamera, mtoe mtu ukutani

SWALI: Shikamoo dada. Nina kamera ndogo ya mirolesi (isiyo na kioo ndani) na lenzi iliyokuja nayo, ya milimita 16-50. Kwenye kipaimara cha mdogo wangu nilimpiga picha mbele ya nyumba. Kila tofali limeonekana wazi kama sura yake. Natamani ule ukungu wa nyuma unaomfanya mtu ajitokeze. Jamaa mmoja wa studio anasema niiuze, ninunue ya fulufremu, yenye kihisi kikubwa zaidi cha picha. Nifanyeje?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiiuze.

Ukungu unatokana kwanza na upana wa tundu la lenzi, na nafasi iliyopo kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Upana wa tundu unaupata kwa kugawa milimita za lenzi kwa namba ya f, ile inayoandikwa kama f/3.5. Ukiwa kwenye 16 na f/3.5, tundu lako halifiki milimita 5. Ukivuta mpaka 50, namba inapanda hadi f/5.6 na wengi hudhani wamepata hasara, kumbe tundu limekaribia milimita 9. Kwa hiyo vuta mpaka mwisho.

Kisha mtoe ukutani. Tuseme yuko mita 2 kutoka kwako na ukuta uko mita 1 nyuma yake: kila nukta ya ukuta inatawanyika kuwa duara la kama milimita 3, ukiipima kwa kipimo cha uso wake. Mlete katikati ya uwanja, ukuta ubaki mita 10 nyuma, na wewe ubaki mita 2 mbele yake: duara hilo linazidi milimita 7. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo tundu lake ni kama milimita 28, ingekupa 9 pale pale ukutani. Hatua chache tu za bure, na umeikaribia lenzi mpya!

Hiyo 50 ya f/1.8 ndiyo ninayokushauri uwekee akiba, hata ya mtumba, kabla ya kufikiria kamera nyingine. Fulufremu ina faida yake, maana kwa lenzi ileile unaweza kumsogelea mtu zaidi na ukungu ukaongezeka, lakini hiyo isubiri. Mimi napiga kwa mapenzi tu hapa Arusha, na picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mama akimenya ndizi shambani, niliyopiga kwa lenzi ya namna hiyo: majani ya migomba nyuma yamelainika, na mwanga unaopenya kati yake umekuwa viduara.

Ila jua la saa saba mchana halipatani na f/1.8, kwa kuwa tundu pana huingiza mwanga mwingi mno. Hata ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100, kamera itataka kasi ya sekunde 1/8000, na kamera nyingi ndogo, shata yake (pazia linalofungulia mwanga) huishia 1/4000. Ingieni kivulini. Washa ile huduma ya kutafuta jicho, na hakikisha imeshika jicho lililo karibu nawe, kwa sababu uso ukigeuka kidogo tu jicho la pili linafifia.

Familia ikipanga mistari miwili, nenda f/5.6 au f/8 ili wote waonekane wazi. Na mkipata asubuhi ambayo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imejifunua, ukamsimamisha bibi mbele yake, nakuomba sana uache kabisa habari za ukungu. Weka f/8, theluji ionekane. Wajukuu watataka kujua bibi alisimama wapi.