Ukiuliza kwenye grupu la mafundi, njoo na vipimo

Mimi ni fundi magari hapa Morogoro, na mwaka wa kwanza kwenye grupu la WhatsApp la mafundi nilikuwa msomaji tu, naogopa kuuliza nisije nikaonekana kilaza. Siku nimejitutumua kuuliza ndo nikauliza ovyo.

Ilikuja IST, injini 2NZ, taa ya cheki injini inawaka, sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda inashuka kama ina kwikwi. Nikachomeka mashine ya kusoma makosa ikasoma P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, basi mimi na haraka zangu nikamwambia mteja pampu ya mafuta imechoka, tukanunua tukafunga nikafuta kosa, kesho yake asubuhi huyo getini na taa yake ileile. Nikaandika grupuni "wakuu IST inasumbua msaada tafadhali". Nikaambulia stika mbili na mmoja kauliza inasumbuaje, inalia?

Usiku mzee mmoja, fundi wa siku nyingi (sura yake siijui mpaka leo), akaniuliza kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi gari ikiwa sailensa na ngapi ukikanyaga mpaka mizunguko 2500 kwa dakika. Sikuwahi hata kuangalia. Nikapima, sailensa 24, kwenye 2500 ikashuka mpaka 5. Akajibu kifupi: hewa inaingia kwa wizi, ingekuwa pampu hiyo namba ingepanda ukikanyaga. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo, kwahiyo kile kidogo kinachoibiwa kinaonekana kikubwa. Nikapulizia kabureta klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogokidogo kuzunguka manifodi, yaani bomba linaloingiza hewa kwenye injini, injini ikiwa baridi jamani msije mkachoma gari la watu, kufika silinda ya nne mlio ukabadilika hapohapo. Kumbe ni gasketi ya manifodi ndo inapitisha hewa! Hela ya pampu nilimrudishia mteja kwa awamu na iliuma.

Kwahiyo ukiuliza taja gari, injini, kosa ambalo mashine imesoma, ulichokwisha badilisha na namba ulizopima. Voisi ya dakika nne usitume, mwenzio yuko chini ya gari mikono imejaa grisi. Picha ziba pleti namba, gari la mteja sio lako. Na yule anayekurupuka "badilisha kontroo boksi" (kompyuta ya gari) hajauliza hata gari gani, muulize kwanini kabla hujaingia dukani.

Halafu mrejesho. Watu wakishapata jibu wanayeyuka, sasa mwenye tatizo kama lako akitafuta mwezi ujao anakuta swali lina kichwa halina miguu. Mimi niliandika mpaka aibu yangu ya pampu, na nadhani ndo maana nilipokwama bila kifaa cha kubania springi za valvu, jamaa wa Dodoma alinitumia cha kwake kwa basi wakati hatujawahi kuonana, nikalipa nauli ya mzigo tu.

Juzi kuna kijana kaandika "wakuu Passo inasumbua". Nimemuuliza sailensa ngapi, 2500 ngapi. Bado nasubiri.