Mboji, bwawa au peti?

Swali: Naandika makala kuhusu misitu ya majimaji ya Bonde la Kongo na tishio la mabadiliko ya tabianchi. Mhariri ameniwekea "mabwawa ya mboji yanakauka". Je, ni sahihi? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Kisarufi hakuna kosa. Shida inaanzia kwenye mboji. Kwa mkulima, mboji ni majani na takataka zilizokwisha kuoza, udongo mweusi wa kutia shambani. Kilicholala chini ya misitu hiyo ni mimea iliyokufa ikashindwa kuoza sawasawa, maana maji yametuama juu yake na hewa haipenyi. Ukiuchimba udongo huo unakuta mizizi na vipande vya miti ambavyo bado vinatambulika.

Sasa ukiita mboji, msomaji atauliza: kama imeshaoza, hofu ya nini? Hofu ndiyo hiyo kuoza. Kiangazi kikirefuka na maji yakashuka, hewa inaingia, vijidudu vinaanza kula, na kaboni iliyofungiwa humo maelfu ya miaka inatoka ikiwa hewaukaa. Ramani iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kuwa vinamasi hivyo, katika Kongo zote mbili, vimehifadhi kaboni takriban tani bilioni 30.

Kitu hicho kilicholala bila kuoza Kiingereza hukiita "peat". Mimi ningeandika peti, ngeli ya I-ZI (peti imekauka, peti zimeungua), nikaieleza mara moja pale inapotajwa kwanza. Najua wapo watakaokumbuka kupetiana. Wacheke, watazoea.

Bwawa nalo liache. Ukilitaja Tanzania, wengi wanawaza Mtera, ukuta na mitambo ya umeme. Hapa tunasema kinamasi.

Kwenye kitenzi usiende mbio. Kukauka hakumtaji mtenda, kukaushwa kunamdai. Kalimantan, Indonesia, serikali ilichimba mifereji katikati ya miaka ya 1990 ili maelfu ya hekta yalimwe mpunga. Peti ilikaushwa. Ukame wa El Niño wa mwaka 1997 ukaikuta hivyo, moto ukashika, na moshi ukafunika hadi nchi jirani. Mwandishi anayesema peti ya huko "ilikauka" amemfuta aliyechimba mifereji. Kwa Kongo, ambako sehemu kubwa ya vinamasi bado haijachimbwa mifereji, mtaje ukame wenyewe: "Ukame ukivikausha vinamasi vya peti vya Bonde la Kongo, vitaanza kutoa kaboni viliyoihifadhi."